Hot Space: Albamu Iliyohukumiwa kwa Kosa la Kuchezeka

Tarehe 5 Juni 1982, katika uwanja wa wazi wa Milton Keynes Bowl nchini Uingereza, Freddie Mercury alisimama mbele ya maelfu ya watu na kufanya jambo lisilotarajiwa kwa mwimbaji wa hadhi yake: alijitetea. Bendi yake, Queen, ilikuwa ndiyo kwanza imetoa albamu mpya iitwayo Hot Space, na manung'uniko yalikuwa yameshaanza. Akawaambia mashabiki kwamba zinafuata nyimbo chache za fanki, mtindo wa watu weusi, na kwamba wasidhani roki imewatoka mwilini. Akamalizia kwa kero ya mtu aliyechoka kuulizwa: hiyo ni santuri tu, mbona watu wanapandisha mori?

Onyesho hilo lilirekodiwa, na mwaka 2004 likatolewa rasmi. Mtazamaji akiacha kumkodolea macho Mercury na kumwangalia mtu mkimya pembeni, ataona jambo la ajabu. John Deacon, mpiga besi, hana besi. Katika wimbo unaofuata, Staying Power, yeye anakung'uta gitaa la rizimu, na besi ameachiwa mpiga kinanda aliyekodiwa kwa ziara. Katika bendi ambayo Brian May ndiye aliyekuwa sultani wa gitaa, kubadilishana viti namna hiyo si jambo dogo. Ugomvi wote kuhusu albamu hii unaanzia hapo: nani anashika nini, na nani ananyamaza.

Mhadhara huu unaitetea Hot Space. Hautadai kwamba ni kazi bora kuliko zote za Queen, maana si kweli, na atakayesema hivyo atakuwa anatafuta ubishi tu. Hoja yake ni nyembamba zaidi: albamu hii iliadhibiwa kwa kuwa muziki wa kucheza, na mpaka leo wengi wanaoiponda hawajaipima kwa mizani ya muziki wa kucheza. Wanaitafutia gitaa lililotapakaa kila mahali, wanalikosa, wanafunga faili.

Ili kuelewa hasira ile, inafaa kurudi nyuma kidogo. Katika miaka ya 1970 Queen walikuwa na fahari moja ambayo leo inachekesha. Kwenye majalada ya albamu zao za mwanzo waliandika wazi kwamba hakuna sintesaiza iliyotumika. Kila mlio uliosikika kama chombo cha ajabu ulikuwa gitaa la May au sauti zao wenyewe, zimepangwa tabaka juu ya tabaka. Mashabiki walilichukua tangazo hilo kama kiapo. Mwaka 1980, katika albamu ya The Game, kiapo kikavunjwa: sintesaiza ikaingia, na hakuna aliyeandamana. Ilikuwa vigumu kuandamana, kwa sababu albamu ile ilishika nafasi ya 1 Uingereza na Marekani.

Ndani ya The Game kulikuwa na wimbo wa Deacon, Another One Bites the Dust. Besi yake ni ndugu wa damu wa besi ya Good Times, wimbo wa kundi la Chic uliotamba mwaka 1979, na Bernard Edwards wa Chic alisimulia kwamba Deacon aliwahi kukaa nao studio. Michael Jackson ndiye aliyewahimiza Queen wautoe kama santuri ndogo. Waliposikia ushauri wake, wimbo ukapanda hadi nafasi ya 1 Marekani, vituo vya redio vya watu weusi vikaupiga bila kujali kwamba waimbaji ni Waingereza wa roki, na mwaka 1981 Grandmaster Flash akauchanganya pamoja na Good Times katika santuri yake maarufu ya kuonyesha ufundi wa kuchezesha sahani. Kwa hiyo anayesema Hot Space iliwadondokea watu kutoka mbinguni, kana kwamba Queen waliamka siku moja wakiwa wamelewa disko, hasemi kweli. Njia ile waliifuata kwa sababu wasikilizaji wenyewe waliinunua kwa wingi.

Kilichobadilika ni kiasi. Wimbo mmoja wa kucheza katikati ya nyimbo za gitaa ulisameheka. Hata Rolling Stones walikuwa na Miss You mwaka 1978, Rod Stewart na Kiss nao walijaribu disko wakapata pesa, wakarudi kwenye shughuli zao. Queen walifanya kitu ambacho kilionekana ni ufidhuli: waliijaza disko na fanki upande wote wa kwanza wa santuri, nyimbo 5 mfululizo, kabla msikilizaji hajafika kwenye gitaa lililompeleka dukani.

Na wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Tarehe 12 Julai 1979, katika uwanja wa besiboli wa Comiskey Park mjini Chicago, mtangazaji wa redio Steve Dahl alikuwa amewaalika watu waje na santuri za disko zilipuliwe katikati ya mechi 2. Zililipuliwa. Maelfu wakavamia uwanja, nyasi zikachimbika na kuungua, na timu ya nyumbani, White Sox, ikanyimwa ushindi wa mechi ya pili kwa sababu haikuwezekana kuchezwa. Wahusika walisema ilikuwa mzaha. Lakini disko ilikuwa imelelewa katika kumbi za watu weusi, za Walatino na za mashoga, na walionasa maana ya moshi ule hawakuhitaji kufafanuliwa. Baada ya hapo, katika sehemu kubwa ya Marekani, kwa bendi ya roki kupiga disko hakukuwa tena kosa la ladha. Kulikuwa kama kuhama chama.

Mercury mwenyewe alikuwa ameshaonja joto hilo. Mwaka 1980 alikata nywele na kufuga masharubu, na baadhi ya mashabiki wa Marekani wakamtupia nyembe jukwaani. Miaka 2 baadaye alipotoka na Body Language, wimbo unaohema zaidi kuliko unavyoimba, ukiwa na video ya miili inayotoa jasho, kituo kipya cha MTV kiliizuia. Inasemekana ndiyo video ya kwanza kupigwa marufuku na kituo hicho. Hata hivyo wimbo wenyewe ulifika nafasi ya 11 Marekani, na hilo wakosoaji huwa hawalikumbuki wanaposema kwamba Wamarekani waliikataa kazi hii moja kwa moja. Uingereza, ambako chuki ya disko haikuwa kali kiasi hicho, uliishia nafasi ya 25. Albamu nzima ilifika nafasi ya 4 Uingereza na ya 22 Marekani. Kwa bendi iliyotoka nafasi ya 1 hiyo ni teremko, bila shaka. Si anguko.

Kuna jambo jingine ambalo halitajwi vya kutosha. Oktoba 1981, miezi 7 tu kabla ya Hot Space, Queen walitoa Greatest Hits, mkusanyiko ambao baadaye ulikuja kuwa albamu iliyouzwa kuliko zote katika historia ya Uingereza. Mtu alikuwa na nyimbo zote kubwa za Queen katika sahani moja, amezisikiliza majira yote ya baridi, halafu Mei inafika na sahani nyingine yenye jalada la rangi 4 na nyuso zilizochorwa kwa mistari michache. Ni albamu gani ingepona katika ulinganisho huo?

Sasa, ndani ya muziki wenyewe.

Kazi ilifanyika katika studio 2, Mountain iliyoko Montreux, Uswisi, na Musicland ya Munich, Ujerumani, chini ya mtayarishaji Reinhold Mack. Munich ndiyo iliyopata lawama nyingi, kwa sababu ya kumbi zake za usiku. Kwamba bendi ilikuwa inakesha na kufika studio ikiwa hoi, wenyewe wamekiri mara nyingi. Lakini uchovu hauelezi kwa nini Staying Power imepangwa kwa uangalifu ule. Wimbo unafunguliwa na besi ya sintesaiza anayoipiga Mercury mwenyewe, kisha tarumbeta zinaingia. Hazikupigwa na mtu wa mitaani. Zilipangwa na Arif Mardin, mtayarishaji mzaliwa wa Uturuki aliyefanya kazi na Aretha Franklin na aliyewasaidia Bee Gees kugeukia muziki wa kucheza. Bendi iliyokuwa ikijisifu kwamba haihitaji mtu wa nje ilimwita fundi wa fani hiyo, ikampa nafasi, ikakaa pembeni. Huo ni unyenyekevu wa kikazi, na wapinzani wakauita uvivu.

Wimbo wa kuusikiliza kwa makini zaidi ni Back Chat. Deacon aliuandika, na maudhui yake ni kero ya watu wanaojibizana bila kusikilizana, kitu ambacho studio ile ilikuwa nacho kwa wingi. Gitaa la rizimu ni lake, linakatakata mapigo makavu na mafupi mtindo wa Chic, na kati ya pigo na pigo kuna uwazi mtupu. Deacon hakutaka solo. May amesimulia walivyobishana: yeye aliona wimbo wa ugomvi unahitaji ukali, na mwishowe akaruhusiwa. Solo yake inapoingia, takriban katikati ya wimbo, inaingia kama mtu aliyesukuma mlango kwa bega. Inachoma, inakwaruza, halafu inatoka. Katika albamu za zamani za Queen solo kama hiyo ingekuwa na solo nyingine 3 za kuisindikiza, na sikio lingeshazoea. Hapa ni moja, na kwa sababu imezungukwa na ukimya, inauma. Waliolalamika kwamba Hot Space haina gitaa hawakugundua kwamba ndiyo iliyomlazimisha May kupiga machache yenye uzito.

Hapa ndipo penye udhaifu mkubwa wa mashtaka. Karibu kila anayeiponda albamu hii huongeza kibali kimoja: isipokuwa Under Pressure. Wimbo huo, uliozaliwa mwaka 1981 huko Montreux baada ya David Bowie kupita studio, ulitangulia kutoka peke yake na kushika nafasi ya 1 Uingereza. Mwaka uliofuata ukawekwa kuwa wimbo wa mwisho wa Hot Space. Mashabiki wanauzungumzia kama abiria aliyepanda basi kwa bahati mbaya.

Lakini usikilize ulivyojengwa. Besi yenye noti chache inayojirudia. Vidole vinavyoalika. Makofi. Gitaa linalosubiri nyuma, likidondosha matone, halitawali mpaka wimbo unapochemka. Sauti ya Mercury inapaa bila maneno juu ya nafasi tupu. Ni ufundi uleule wa Back Chat na Body Language, kutoka mikono ileile na kipindi kilekile. Ukiusifu huu kwa sababu una hewa, huwezi kuzilaani zile kwa sababu hazikujaa gitaa. Kinachoutofautisha ni kwamba hauna dalili za disko usoni, kwa hiyo mpenda roki anaweza kuupenda bila kuona haya. Besi yake ndiyo iliyochukuliwa na Vanilla Ice katika Ice Ice Baby, wimbo wa kwanza wa hip hop kushika kilele cha chati kuu ya Marekani, mwaka 1990. Vijana wa densi walijua kilichokuwa ndani ya albamu hiyo kabla ya walinzi wa roki.

Tazama pia waliopita njia hiyohiyo wakashangiliwa. Talking Heads walitoa Remain in Light mwaka 1980, wakiwa wamenywa kwenye kisima cha Fela Kuti, na wahakiki wakawavika taji. Novemba 1982, miezi 6 baada ya Hot Space, Michael Jackson alitoa Thriller, na ndani yake Beat It ikiwa na solo ya Eddie Van Halen: mtu wa densi amelikaribisha gitaa la roki nyumbani kwake, na dunia nzima ikasema huo ndio ubunifu. Bowie naye, huyohuyo wa Under Pressure, mwaka 1983 alimwita Nile Rodgers wa Chic, wakatengeneza Let's Dance, akauza kuliko alivyowahi kuuza. Queen walifika kabla yake kwenye mlango huohuo wa Chic. Sababu ya wao kupigwa na mwenzao kubebwa haiwezi kuwa muziki peke yake. Bowie alikuwa na ruhusa ya kubadilika, mashabiki wake walimlipa kwa kazi hiyo. Queen walitakiwa kubaki kuwa Queen.

Wapenzi wa taarabu hawahitaji kuelezwa jambo hili kwa kirefu. Katika miaka ya 1990, makundi ya East African Melody na TOT yalipoweka vinanda vya umeme mahali pa safu ya fidla, wazee wa kundi la Ikhwani Safaa walikuwa na haki ya kuguna. Ila waliosema kwamba rusha roho, kama mtindo huo mpya ulivyoitwa, si muziki walikuwa wanapima khanga kwa ratili. Iliundwa kwa ajili ya kusimama na kucheza, na wanawake waliojaza kumbi walijua hivyo.

Zanzibar, kwa kweli, ina sehemu yake katika mjadala huu, ingawa imejipatia sehemu ndogo kuliko inavyostahili. Mercury alizaliwa huko tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, mtoto wa Maparsi. Baba yake alikuwa karani wa fedha katika serikali ya wakati huo. Alisomea bweni India, akarudi, na mwaka 1964 baada ya Mapinduzi familia ikahamia Uingereza. Leo kuna jumba la makumbusho yake Shangani, na watalii wanapiga picha mlangoni. Mwaka 2006 mpango wa kusherehekea siku yake ya kuzaliwa ulipingwa na jumuiya ya Uamsho, kwa sababu ya maisha yake. Wanaomdai na wanaomkana wote huzungumzia alikozaliwa na alivyoishi. Nyimbo huwa hazifikiwi, na zikifikiwa, ni Bohemian Rhapsody na We Are the Champions. Kipindi ambacho aliimba kwa uhuru zaidi, bila kwaya ya sauti 100 nyuma yake, hakuna anayekiulizia.

Haki itendeke na kwa upande wa mashtaka. Dancer, ulioandikwa na May, unajikokota: mpiga gitaa anajaribu kucheza disko huku moyo uko kwingine, na inasikika. Action This Day wa Roger Taylor una mashine ya ngoma ngumu kama mbao, ajabu kwa mpiga ngoma wa kiwango chake. Mpangilio pia ni kosa. Nyimbo za roki zimerundikwa upande wa pili, na aliyekasirika mapema hakuzifikia akiwa na masikio mazuri. Amekosa Put Out the Fire, May akiwa na gitaa lake lote akizishambulia bunduki. Amekosa Life Is Real, piano ya Mercury kwa ajili ya John Lennon aliyeuawa Desemba 1980. Amekosa Las Palabras de Amor, salamu kwa Amerika ya Kusini, ambako mwaka 1981 Queen waliujaza uwanja wa Morumbi wa São Paulo kwa watu zaidi ya 100,000 kwa usiku mmoja.

May na Taylor wenyewe waliisema vibaya albamu hii miaka iliyofuata, na wapinzani hupenda kuwaita mashahidi. Ni mashahidi wenye maslahi. Mmoja alinyimwa nafasi ya gitaa, mwingine alibadilishwa na mashine. Waliofurahia kipindi kile walikuwa Mercury na Deacon, na Deacon amekuwa mkimya kwa miongo kadhaa.

Lawama ya kwamba Hot Space ndiyo iliyoua Queen Marekani nayo ipunguzwe makali. Ni kweli kwamba onyesho lao la mwisho la ziara huko wakiwa na Mercury lilikuwa la Septemba 1982, Inglewood, California. Lakini mwaka 1984 walitoa video ya I Want to Break Free wakiwa wamevaa nguo za kike, mzaha ambao Waingereza waliuelewa papo hapo kwa sababu uliigiza tamthilia yao ya televisheni, na Wamarekani wengi hawakuuelewa. Kubebesha santuri moja mzigo wa miaka yote hiyo ni uonevu. Na wimbo ule wa 1984, inafaa kukumbuka, ni wa Deacon pia.

Ushauri kwa anayetaka kuisikiliza upya ni kuanza karibu na mwisho, na Cool Cat. Waliuandika Mercury na Deacon pamoja. Bowie alikuwa ameimba sauti za nyuma, hakuridhika nazo, akaomba zifutwe kabla santuri haijatoka, kwa hiyo kilichobaki ni wawili hao. Deacon anapiga karibu vyombo vyote, taratibu, besi inateleza kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Mercury anaimba wimbo mzima kwa sauti nyembamba ya juu, haongezi nguvu hata mara moja, yeye ambaye angeweza kuvunja vioo. Baada ya hapo mtu ageuze sahani, aruke Dancer, aweke Back Chat kwa sauti kubwa, na asikilize akiwa amesimama.